Draiva Isiyojua Kusubiri

Kila Ijumaa Bi Mize, mama mkwe wangu, alikifukiza udi kinasa sauti cha mwanawe pamoja na kanzu zake. Mahfoudh alikuwa mtu wa kupenda kunukia, basi mama hakutaka chake chochote kivunde. Sikumzuia. Mkono wa mama ukishika nguo ya mwana aliyezikwa, nani wa kuushika?

Mume wangu alikuwa akitembeza wageni msitu wa Jozani. Kinasa kile kilikuwa cha kazi. Alikitumia kurekodi ndege na kima punju, wale kima wekundu wa msituni. Binti yetu Faiza alipozaliwa, baba yake alimwadhinia sikioni kama ada ilivyo, na kinasa kikiwa kimewashwa mfukoni. Arobaini ya mtoto hakuifikia. Homa tu, siku chache, basi.

Kinasa nacho kikagoma kuwaka. Na Faiza sasa anasema maneno mengi kuliko mimi.

"Mama, baba alikuwa na sauti kama ya nani?"

"Kama ya Ami Usi."

Uongo. Usi ana sauti nyembamba kama filimbi. Ya Mahfoudh ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo kidogo, kama mtu aliyeamka sasa hivi. Nilitaka mtoto aisikie mwenyewe, maana mimi mwenyewe nilikuwa naanza kuisahau.

Jioni nasoma kompyuta, darasa la watu wazima, hapa hapa Vuga. Mwalimu wetu, Ridhwan, anatufundisha namna mfumo unavyosema na vifaa vyake. Nilimpelekea kinasa. Alipokifungua, akakunja uso.

"Khairiya, hiki kinasa au sufuria la halua?"

Ndani kulikuwa na masizi yaliyoganda, meusi, yananata.

"Ni udi, mwalimu. Mama yake."

Hakutania tena. Aliing'oa chipu ya kumbukumbu, akaisafisha kwa spiriti, akaipachika kwenye bodi yetu ya kujifunzia. Utomvu mwingine ulikuwa umeshajiingiza miguuni mwa chipu, haukutoka. "Lililobaki ni la draiva," aliniambia. "Na draiva utaiandika wewe."

Draiva ni ile programu inayosimama baina ya mfumo na chipu. Yangu ilisoma, na spika ikatoa mlio wa mchele unaomwagwa kwenye sinia. Tatizo lilikuwa haraka. Chipu ikiulizwa hutaka muda wa kujibu, mdogo sana, wa nanosekunde. Kila chipu hubeba tangu kiwandani maelezo ya kasi yake, na draiva ikayaamini. Lakini maelezo yale yaliandikwa chipu ikiwa kijana, haijaonja udi wa Bi Mize. Sasa jibu lilichelewa. Draiva ilibisha hodi na papo hapo ikaingia, ikamkuta mwenye nyumba hajajifunga kanga, ikatoka mbio kwenda kusimulia visivyokuwapo.

"Kwanza ifungie draiva isiandike kitu kwenye chipu," Ridhwan alinionya. "Ikiona makosa mengi itadhani kurasa za chipu ni mbovu, itaanza kuhamisha na kufuta. Ikishafuta, hakuna mganga."

Nikaifungia. Nikaiangalia mistari ile ya programu tena na tena, kama mtu anayetikisa mlango alioufunga mwenyewe.

Jumamosi alasiri niliichukua bodi nyumbani, nikaiweka mkekani pamoja na laptopu, Faiza kando yangu na kipande chake cha mkate. Bi Mize alikaa mbali, kanga kainyanyua mpaka mdomoni.

"Mnamsumbua."

"Ni chipu tu hii, mama."

"Mwanangu si yumo humo?"

"Sauti yake ndiyo imo."

Akaishusha kanga. Kisha, taratibu: "Na aliyeiharibu ni mimi, na udi wangu. Sema tu."

"Udi umeichelewesha, mama. Haukufuta kitu." Nilisema kwa uhakika ambao sikuwa nao.

Nikaongeza muda wa kusubiri. Mchele. Nikaongeza tena. Katikati ya mchele akalia ndege, nusu ndege, akakatika. Nikafika kwenye kasi ya chini kuliko zote katika jedwali la draiva, na bado ilikuwa mikwaruzo. Zaidi ya pale hapakuwa na namba ya kuchagua.

Nikasoma upya nilichoandika. Kumbe nilikuwa nimerefusha muda wa kuomba tu. Muda wa kupokea niliuacha vile vile. Draiva iliuliza kwa upole, kisha ikampokonya mtu neno mdomoni. Nikaliacha jedwali, nikaandika namba yangu mwenyewe, kubwa, ya aibu, ambayo mhandisi yeyote angeicheka. Nani kakataza kungoja?

"Bismillahi," alisema Bi Mize kabla yangu.

Kima punju wakalia. Wageni wakacheka. Kisha kimya cha chumba, chumba hiki hiki, na mtoto mchanga anahema. Mahfoudh akakohoa, akaanza adhana kwa sauti ya chini, ile ile, yenye mkwaruzo. Mahali pamoja maneno yalipotea, yakarudi. Sikuweza kumwangalia mtu.

Alipomaliza alicheka kidogo, akaita kwa nguvu:

"Mama! Mama, njoo umchukue mtoto, Khairiya kalala, kachoka."

"Naam!" Bi Mize alishasimama, mikono kainyoosha mbele, tayari kupokea.

Rekodi ikaishia pale. Alibaki wima katikati ya mkeka, mikono mitupu, hajui pa kuishusha.

Faiza aliitazama spika, akaitazama mikono ya bibi yake. Akainuka, akajifuta makombo ya mkate kwenye gauni.

"Nnakuja bibi," akasema. "Nichukue."