Ini la Kuku wa Tatu

Konga alikuwa hoi bin taaban, na kuku wa pili alikuwa bado hajaacha kurusha miguu. Baba mkwe wake, mzee Ndilu, alimpasua kuku huyo, akalitoa ini, akaligeuzageuza kwenye mwanga wa mlangoni. Akatikisa kichwa. Ini likatupwa uani, mbwa akalidaka.

Mbwa yule alikuwa amenawiri kuliko mtu yeyote wa nyumba ile. Hina, mtoto wa Konga, alijilaza mkekani, viganja vyeupe kama unga wa muhogo. Malaria ilikuwa imemmaliza damu. Kule zahanati, muuguzi alikataa kumpa papo hapo dawa ya chuma ya kuongeza damu. Tuiue malaria kwanza, alisema, chuma juu ya homa kinaweza kuzidisha balaa. Konga akasubiri. Homa ilipokwisha akaupanda tena mlima wa kwenda zahanati, mtoto mgongoni, akarudi na chupa ya dawa ile. Haukupita muda Hina akaanza kuomba uji mwenyewe. Kisha choo chake kikawa cheusi tititi, na mzee akakiona.

Muuguzi alishasema kwamba dawa ile ndivyo ilivyo. Lakini mzee Ndilu ndiye msomaji wa maini wa ukoo mzima, nani angemwambia kitu? Aliipeleka chupa darini, kwenye vyombo vya Marapu, mizimu ya ukoo, akatangaza kwamba haishuki mpaka wenyewe waulizwe kupitia maini ya kuku. Mume wa Konga yuko mbali, Kalimantan, kwenye mashamba ya michikichi. Siku zikapita bila dawa, na mtoto akaacha tena kuomba uji.

“Wamekataa tena,” mzee alisema, akatema tambuu.

“Baba, wanamkataza Hina, wanamruhusu mbwa?”

“Usinifanyie mzaha, Mama Hina.”

“Nguvu za mzaha nizitoe wapi? Muuguzi kasema mtoto ale maini. Haya yanapita mbele ya macho yake yanaishia kwa mbwa. Na dawa yake umeikalia.”

“Ini baya liingie tumboni mwake, halafu afe?”

“Na asipokula, Baba?”

 Mzee alitoka mwenyewe kumkamata kuku wa tatu, yule wa mayai, wa mwisho.

Konga hakutaka kutazama, lakini alitazama. Tangu aolewe amejifunza maini kwa kuchungulia tu, maana wanawake hawaulizwi. Akaliona doa jeusi pembeni, ishara mbaya, wala halikuhitaji mtaalamu. Akakaa chini.

Mzee aliliinamia ini kwa muda mrefu. Akamtazama mjukuu wake, aliyekuwa anahema kana kwamba ametoka mbioni, na hali amelala.

“Zuri,” alisema.

“Baba...”

“Nimesema zuri! Msomaji hapa ni mimi au ni wewe?” Kidole gumba chake kilikuwa kimelifunika lile doa. “Lipike liive vizuri. Alile lote. Chupa nakuteremshia.”

Konga alilipokea kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, hana hata nguvu ya kuyafuta. Alipokuwa anachochea moto alimsikia mzee kule darini akiwaomba radhi Marapu. Jina alilokuwa analitaja libebe adhabu ni lake mwenyewe, si la mtoto.