Zamu ya Mwandete

Saa mbili kasorobo asubuhi Zabron alikuwa amechuchumaa juu ya tuta la reli ya zamani, kilomita tisa kutoka Chimala, akiziba pancha ya pili. Reli zenyewe ziling'olewa na kuuzwa chuma chakavu kabla hajazaliwa. Lililobaki ni tuta, kokoto, na miiba ya kutosha wilaya mbili. Kampuni moja ya utalii ilitaka kupitisha wageni hapo kwa baiskeli, na ilihitaji kiongozi mmoja. Kwenye usaili walibaki wawili: yeye, na Ikupa, dada mmoja wa Uyole mwenye mapaja ya chuma. Toka Chimala, fika Uyole siku hiyohiyo. Atakayetumia muda mfupi ndiye mwenye kazi. Zabron alipangiwa Jumanne, Ikupa Ijumaa.

Zabron alikuwa na cheti cha kidato cha nne na miaka saba ya kuandika barua za maombi. Kila Jumapili mama yake alimpigia kutoka Kihesa baada ya ibada na kumuuliza, "Zabro, bado tu?" Bado tu.

Kwenye korongo, daraja nalo lilikuwa limeuzwa, kwa hiyo alivuka maji ya kiunoni amebeba baiskeli begani kama mbuzi mgonjwa. Kwenye mlima mnyororo ulichomoka mara nne. Mara ya nne aliutukana kwa Kihehe, ukakaa.

Saa nane akafika stesheni ya Mwandete. Uwanja ulikuwa umefagiliwa, na mawe ya pembeni yamepakwa chokaa mbichi. Kwenye benchi alikaa mzee wa koti la buluu lenye vifungo vya shaba. Juu ya kofia yake mbayuwayu walikuwa wamejenga kiota. Makinda yalikuwa mawili, yote yana afya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye treni?"

"Hapana, mzee. Baiskeli."

Mzee akafungua daftari na kuandika: *Imechelewa*. Ukurasa mzima ulikuwa umeandikwa hivyo, na kurasa za nyuma yake pia.

"Si nasikia stesheni ilifungwa?" Zabron aliuliza.

"Hata mimi nasikia. Ila barua ya kuifunga sijapata. Barua zote huja kwa treni."

Zabron aliona maelezo yanatosha. Mtu aliyesubiri barua miaka saba haulizi sana. Akaomba maji, akapewa. Kisha mzee, ambaye jina lake lilikuwa Ezekia, akamsogezea daftari la pili na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

"Soma kwanza, ndiyo usaini," alisema.

Zabron hakusoma. Nani husoma kitabu cha wageni? Zahanati unasaini, ofisi ya kijiji unasaini, msibani unasaini. Aliandika jina, akaandika Kihesa, Iringa, akaweka saini ile ya madoido aliyoifanyia mazoezi tangu kidato cha pili. Juu ya safu hiyo palikuwa pameandikwa: *Anayepokea zamu*.

Ezekia akasimama. Magoti yake yalilia kama bawaba. Alivua kofia taratibu akamvika Zabron.

"Usitikise kichwa, hawa hawajaota manyoya. Ya kwako nipe, jua kali." Akavaa helmeti, akashika njia ya Uyole kwa miguu bila kugeuka.

Zabron alipanda baiskeli kumfuata. Mbele palikuwa na kona, na baada ya kona palikuwa na stesheni ya Mwandete. Akarudi nyuma, upande wa Chimala. Kilomita moja, kona, mawe ya chokaa. Akaacha tuta kabisa, akakata katikati ya shamba la viazi akisukuma baiskeli. Tuta likamfuata, likijikunja chini ya magurudumu bila kuharibu hata shina moja.

"We kaka, angalia matuta yangu!" alisema mwenye shamba, mama aliyeitwa Faustina, bila kuacha kupalilia.

"Samahani, mama. Natafuta njia ya kutokea."

"Hata Ezekia alihangaika hivyo wiki ya kwanza. Utapazoea hapo. Jioni nitakuletea viazi."

Zabron aliposimama, alikuwa mbele ya benchi. Saa kumi na mbili ikapita, na Uyole ikabaki palepale ilipo. Zabron akaandika: *Imechelewa*.

Ijumaa saa saba Ikupa akatokea, amelowa mpaka kiunoni na hajachoka.

"Heh! Kiongozi wa watalii, una ndege kichwani!"

"Wewe una kupe mgongoni. Kunywa maji upite."

Ikupa alikunywa. Kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri, akanyoosha mkono kwenye daftari. "Nisaini wapi?"

Kalamu ilikuwa palepale, na uzi ulikuwa mrefu wa kutosha. Zabron aliutazama mkono ule. Aliiona njia ya Uyole iliyonyooka, na jina lake likisomwa ofisini. Angeweza kunyamaza tu.

"Usisaini," alisema, akalikalia daftari.

"Kwa nini?"

"Ukisaini, unabaki wewe."

Ikupa alikitazama kiota, akaitazama bendera ya kijani ya kuruhusu treni mkononi mwa Zabron. Akapanda baiskeli. Zabron akapunga bendera, akamtazama akiingia kwenye kona. Alisubiri. Ikupa hakurudi. Saa kumi na moja alifika Uyole, wakampa kazi.

Jumapili baada ya ibada simu ikaita. Mtandao ulikuwa unapatikana benchini tu.

"Zabro, bado tu?"

"Nimepata, mama."

"Ya wale wazungu?"

"Hapana. Stesheni. Serikalini."

Mama akasema kwa sauti ndogo, kama anayeogopa kuiamsha kazi yenyewe: "Ya kudumu?"

"Ya kudumu, mama."

"Bwana asifiwe!" Vigelegele vilipigwa Kihesa, na makinda yakaitikia juu ya kofia. "Na barua ya ajira, mwanangu? Wameshakupa barua?"

Zabron alitazama tuta, upande mmoja, halafu upande wa pili.

"Inakuja kwa treni, mama."