Dohani Isiyofuka

Mwaka ule wa uhuru mume wangu Stambuli alipata kazi kwenye mtambo mdogo wa umeme, Changamwe. Kutoka uwani kwangu Mikindani niliiona dohani yake wazi, na sikuiona ikitoa moshi hata siku moja.

Mimi nimekulia mekoni. Kwetu ukitaka kujua kama jirani kapika, hupigi hodi, unatazama moshi juu ya makuti. Sasa mtu anayeniaga kila asubuhi kwamba anakwenda kuchochea moto, moto huo anauchochea kwa nani?

Jirani yangu Mastura akanimaliza kabisa.

"Shoga yangu, wallahi ile haijafuka tangu ijengwe. Mumeo yuko Likoni."

"Kufanya nini?"

"Kuoa, Mwanatabu. Kwani wewe mtoto?"

Nikavaa buibui nikatoka. Nilikwisha apa: nisipomkuta kazini, nafunga nguo zangu narudi kwa mama.

Bawabu wa mtambo, Kefa, mtu wa bara, alimwita mume wangu bila wasiwasi. Stambuli akatoka mbio, ovaroli imelowa jasho.

"Kuna msiba?"

"Moshi u wapi?" nikamuuliza.

Akacheka mpaka nikatamani kumzaba kofi. "Hapa hatuchomi kuni, bibi. Twachoma gesi itokayo kiwanda cha mafuta hapo jirani. Tazama juu."

Nikatazama. Kinywani mwa dohani hewa ilikuwa ikitetemeka, kama juu ya karai la mafuta ya moto.

"Basi hakitoki kitu?"

"Chatoka, tena kingi. Mhandisi aiita hewa ya ukaa. Ila haina rangi wala harufu."

"Yaenda wapi?"

"Yapaa."

"Kisha?"

Akajikuna kichwa. "Hapo sijui. Nilimuuliza, naye akatazama juu kama wewe."

Nilirudi nyumbani nimefurahi, na furaha yenyewe siielewi. Nilimtuhumu bure, mume wangu anafanya kazi, nilitaka nini tena?

Jioni alipovua kanzu niliinusa, kama ninavyoinusa kila siku tangu tuoane. Haikuwa na udi wa mtu wala marashi ya mtu. Miaka yote hilo lilinitosha, nikalala usingizi wangu. Leo nilisimama nayo mkononi, maana nimeuona kwa macho yangu moto unaowaka kutwa, na hautoi moshi wala harufu.

"Wanusa nini?" Stambuli akauliza.

"Sijui," nikamjibu, na wallahi nilikuwa sijui.