Meneja Hana Ovataimu

Siku Waya alipopewa umeneja, nyumba nzima ilijua kabla yeye mwenyewe hajafika kuvua viatu. Msinilaumu. Mimi nakaa mapokezi kwenye kampuni yetu ya mabomba na matangi ya maji, na kila anayetoka kwa Mkurugenzi lazima apitishe uso wake mbele ya meza yangu. Waya alitoka na uso wa mtu aliyepewa zawadi kubwa, imefungwa vizuri, ila akiitikisa haina mlio.

"Shemeji," akaniambia kwa sauti ya chini, "wamenipa Meneja wa Mifumo."

Nikapiga kigelegele palepale. Mteja aliyekuwa anasubiri ankara yake akaruka kitini.

Waya ni mdogo wa mume wangu. Jina hilo alipewa ofisini kwa sababu humkuti bila waya shingoni, kautundika kama daktari. Cheo chake kilikuwa Fundi Kompyuta, na ndani ya ufundi huo waliingiza kila kitu: seva, mtandao, printa zinazotafuna karatasi, nenosiri la mhasibu ambalo husahaulika kila Jumatatu. Hata birika la umeme likigoma wanamwita yeye, maana nalo lina waya.

Yeye, mke wake na mtoto wao wanakaa chumba cha nyuma hapa kwetu. Mimi sina neno, nyumba ikijaa ndipo usingizi unanijia. Lakini mke wake alikuwa na mimba ya pili na chumba ni kilekile, kitanda na cherehani vinagombania dirisha. Walikwisha kuona nyumba ya vyumba viwili, mtaa wa pili tu, na mwenye nyumba kaahidi kuwasubiri. Sasa kilichokuwa kinawapeleka huko si mshahara. Mshahara ulikuwa wa kula. Ovataimu ndiyo iliyokuwa ya kuhama. Zile Jumamosi, na zile jioni za mwisho wa mwezi alizobaki kufunga hesabu za stoo na kuandaa mishahara ya watu, zililipwa kando, na mke wake alizificha mahali ambapo hakuna anayepajua. Mimi napajua, lakini hayo tuyaache.

Jioni hiyo sebule ilijaa mpaka wengine wakakaa kwenye mikono ya makochi. Mume wangu alikuwa kamshika mdogo wake mkono, hamwachii.

"Ukoo huu haujawahi kutoa meneja," akasema. "Tumetoa wagomvi, tumetoa wadeni sugu, meneja ndiyo kwanza."

"Na asitusahau," jirani akadakia. "Mwanangu ana cheti cha kompyuta kinapigwa na vumbi kabatini."

Mke wa Waya ni fundi cherehani. Analipwa kwa nguo, na mtu wa kulipwa kwa nguo haamini maneno mpaka akishike kitambaa. Alikuwa anapinda pindo pembeni, pini mdomoni. Akaitoa.

"Na mshahara je?"

Mume wangu akauachia mkono wa mdogo wake.

"Wamesema utaangaliwa kwenye bajeti ijayo," Waya akajibu.

"Ukiangaliwa ndiyo unaongezeka?"

"Wewe shemeji nawe," mume wangu akaingilia, "cheo ni mlango. Mtu anaingia kwanza, kiti atakitafuta humo humo ndani."

"Na hata nikitaka kazi kwingine," Waya akasema, "kila nilikoomba wakisoma fundi wanaishia hapo hapo. Wakisoma meneja watafungua ukurasa wa pili."

Mkewe akatutazama sote kwa zamu, kama anayetupima kiuno. Kisha akarudisha pini mdomoni, na pini ikiwa mdomoni huwezi kubishana naye.

Basi Waya akawa meneja. Kibao kikapigiliwa kwenye mlango wa stoo ya kompyuta mbovu, maana ndimo ilimokuwa ofisi yake, na ndimo ilimobaki. Akaanza kuvaa tai. Akaanza kuitwa kwenye vikao vya wakuu wa idara, asubuhi nzima wanazungumzia matangi, halafu mchana anarudi kukuta foleni ya watu mlangoni kwake, kila mmoja na printa yake. Wafanyakazi aliokuwa anawaongoza walikuwa ndizo hizo printa, na zenyewe hazikumtii.

Michango nayo ikamjua. Fundi alikuwa akichangia harusi ya mwenzake chochote alicho nacho na watu wanasema Mungu akuongezee. Meneja akitoa kilekile, mtu anaipapasa noti kwa kidole kuona kama haijagandana na nyingine.

Mwisho wa mwezi ukafika. Akabaki jioni kama kawaida yake, akafunga hesabu za stoo, akaandaa mishahara. Wake ulipoingia, akaja mapokezi na simu mkononi, akaiweka mezani kwangu. Ovataimu haikuwepo. Hata senti.

Akaenda kwa Mama Utumishi, yule mkuu wa mambo ya wafanyakazi. Kati ya ofisi yake na mapokezi kuna ubao mwembamba tu, na mimi masikio yangu hayana mlango.

"Meneja hana ovataimu, baba," Mama Utumishi akamwambia, sauti tamu kama anambembeleza mtoto anywe dawa. "Meneja ana wajibu."

"Kazi ni ileile, mama. Saa ni zilezile."

"Ndiyo. Lakini sasa unazifanya kama meneja."

"Basi nirudishieni ufundi wangu."

Nikasikia kiti kikilia.

"Haiwezekani. Kanuni zetu haziruhusu kumshusha mtu cheo hivi hivi. Mtu anashushwa kwa kosa. Wewe una kosa gani?"

"Sina."

"Basi hongera, baba."

Alipotoka alisimama mbele yangu akachezea ule waya wa shingoni. Wahenga walisema ukubwa jalala, lakini hawakusema kama jalala lenyewe mtu analala humo bila malipo.

Akajaribu kwingine na hicho cheo chake kipya. Kweli walimwita, kweli walifungua ukurasa wa pili. Wakamuuliza, unaongoza watu wangapi? Waya hajui kudanganya, ndiyo kasoro yake kubwa. Wakamshukuru kwa kufika.

Mwenye nyumba ya vyumba viwili akapiga simu kuuliza, akapiga tena. Mke wa Waya akawa anashona mpaka miguu inamvimba, na tumbo lishaanza kugusa meza ya cherehani.

"Kosa," akamwambia mumewe siku moja wakati wa chakula, mimi napakua. "Si wamesema kosa? Watu wanafanya makosa bure kila siku. Wewe fanya moja lenye faida."

Nilidhani ni utani. Lakini Jumatatu Waya akaja mapokezi kuchukua chai, akainama karibu yangu.

"Shemeji, diski ya seva inajaa."

"Ndiyo kusema nini?"

"Kila ankara, kila bomba linalotoka stoo, linaacha takataka zake mle. Kila wiki naingia nazifagia. Wiki hii sifagii."

"Na ikijaa?"

"Mfumo unasimama. Hakuna kuuza, hakuna stoo, hakuna mishahara ya Ijumaa. Watauliza nani mzembe." Akanywa chai. "Nitanyoosha mkono."

Wiki hiyo jamani niliiona ndefu. Mwenzenu nakaa mapokezi natabasamu, kumbe moyoni nina bomu. Waya alikuwa akipita ananionyesha kwa macho tu. Jumatano akanong'ona, "Imebaki nafasi kidogo." Na badala ya kufurahi, shavu lake lilikuwa linacheza. Mtu aliyezoea kufagia, mwonyeshe takataka umkataze ufagio, utamwona anavyowashwa.

Alhamisi asubuhi Mama Ndoo, anayefanya usafi, akaegemea meza yangu na mopu yake.

"Kesho mshahara upo, eti? Nimeshamwahidi mwalimu mkuu ada, nikimkosesha mara hii mtoto anabaki nyumbani."

"Upo," nikamjibu. Waya alikuwa amesimama palepale, kikombe mkononi. Hakuinua macho.

Mchana akanipigia simu ya ndani. "Shemeji, njoo."

Nikaacha mapokezi, jambo ambalo silifanyi, nikaingia kwenye stoo yake ya mizoga ya kompyuta. Alikuwa amekaa mbele ya kioo, anacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kimoja kirefu, machozi yanamtoka, hata tai kailegeza.

"Imejifagia," akasema.

"Nani?"

"Diski. Ilifika ukingoni kabisa, nikasema tayari. Mara pwaa, imeshuka, ina nafasi kama uwanja." Akajifuta kwa ncha ya tai. "Unakumbuka mtoto wetu alipozaliwa? Niliandika kaprogramu kadogo, ikifika ukingoni kajifagie kenyewe, ili siku moja tu nisije kazini. Halafu sikukaamini. Nikaendelea kufagia kwa mkono kila wiki, kwa hiyo hakakuwahi kupata kazi. Nikakasahau. Kenyewe kamekaa miaka yote hiyo kananingoja nizembee."

"Sasa si ukazime?"

Akatazama kioo. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, nakiona. Nje mopu ya Mama Ndoo ilikuwa inasikika koridoni, inagonga ukuta, inasogea.

"Kuacha ijae ni uzembe," akasema taratibu. "Uzembe nilikuwa tayari. Lakini kukazima haka kwa mkono wangu, huo si uzembe tena, shemeji. Hiyo ni hujuma." Akaondoa kidole. "Hata kukosea nimeshindwa."

Ijumaa mishahara iliingia. Mama Ndoo alinishukuru mimi, utafikiri ndimi niliyemlipa. Jumatatu kwenye kikao, huyu dereva wa Mkurugenzi aliyekuwa anapanga viti ndiye kanihadithia, Mkurugenzi alisimama akasema mnaona, tangu tumemfanya huyu meneja, mfumo haujasimama hata siku moja. Wakampigia makofi. Waya alikuwa ameomba msaidizi. Mkurugenzi akauliza, kwa utulivu huu wa mfumo, msaidizi wa kusaidia nini?

Hicho ndicho wahenga walikiita kilemba cha ukoka, na cha Waya kilifungwa kwa makofi.

Nyumba ya vyumba viwili akapewa mtu mwingine. Mke wa Waya hakulia. Alisogeza cherehani barazani kwetu, akasogeza na kimeza cha pili, akakiweka ubavuni mwake.

"Kaa hapo," akamwambia mumewe. "Humu mtaani bado wewe ni fundi. Hakuna wa kukupandisha."

Basi sasa kila jioni akitoka kazini anatupa tai kwenye msumari na kukaa. Watu wanamletea kompyuta zilizonasa, zilizomwagiwa, zilizokaliwa. Baraza imejaa, mimi ndiyo raha yangu, wateja wanakaa kwenye viti vyangu wananiletea habari za mitaa yote. Lakini yeye namwona. Macho yamekuwa mekundu, na mgongo umepinda kama mkewe anaposhona. Kazi mbili kwa mgongo mmoja.

Juzi akaingia dereva wa Mkurugenzi, kakumbatia kompyuta ndani ya mfuko wa rambo. Akamwona Waya, akasimama.

"Alaa! Kumbe fundi wa barazani wanayemsifia ni wewe?"

"Karibu. Ina nini hiyo?"

Dereva akaanza kucheka peke yake. "Ya bosi. Ya ofisi, ile mpya. Mwanawe kaimwagia juisi. Kaniambia nitafute fundi wa mtaani, lakini meneja wa mifumo asijue, maana akijua ataandika ripoti."

Mimi nilikuwa na kikombe, nikakiweka chini nisije nikamwagia watu. Mke wa Waya akasimamisha cherehani.

Waya hakucheka. Aliipokea, akaigeuza, akaitikisa kidogo, tone la juisi likaanguka kwenye meza.

"Mpigie," akasema. "Mwambie fundi anasema huu ni muda wa nje ya kazi. Anatoza mara mbili."

Dereva akapiga, akasogea kando, akarudi. "Kasema nikulipe, nisibishane na wewe. Fundi mzuri habishiwi bei."

Pesa zikapita mezani moja kwa moja mpaka mkononi mwa fundi cherehani, zikapotelea mahali ninapopajua. "Kuna chumba na sebule nyuma ya soko," akasema bila kumtazama mtu. "Kesho nakwenda kuulizia."

Waya alikwisha kufungua skrubu za kwanza simu yake ilipolia. Akaangalia jina, akatuangalia, akaibana kati ya sikio na bega ili mikono iendelee.

"Ndiyo, Mkuu… Hapana, hujanisumbua… Barua pepe? Unataka kuzisomea kwenye simu? Kwani kompyuta yako iko wapi?… Umeisahau ofisini. Sawa."

Dereva alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Waya akachomoa skrubu nyingine, akaiweka kwenye kifuniko cha chupa pamoja na wenzake, akafumba macho kidogo.

"Haya, Mkuu. Shika simu yako. Nikuelekeze taratibu."