Rimoti ya Kapteni

…shemeji, ananiita shemeji, shemeji yake tangu lini, undugu huu umeota wapi, fundi cherehani anajisemea akiwa amepiga magoti chini ya meza, kichwa kimebanwa kati ya miguu ya kiti na rundo la suruali za wateja, anapapasa nyuma ya kompyuta akitafuta tundu la kuchomeka waya, na simu ya mke wake iko huko juu ya meza, spika wazi, sauti ya Kapteni imejaa chumba kizima kana kwamba yeye ndiye mlipa kodi, "Mwambie shemeji awashe rimoti kwanza, ndipo achomeke," na mke anadakia, "Umesikia, mume wangu?" amesikia, nani hajasikia, hata jirani kasikia… Kapteni wa nini, jina la kubandikwa na wapima ardhi wenzake kwa kuwa anarusha kindege cha povu gumu chenye kamera juu ya viwanja vya watu, kitu hakijawahi kubeba hata kuku, lakini tangu ofisi yao iseme inataka mrushaji wa pili, humu ndani ni Kapteni kasema hivi, Kapteni kasema vile, mpaka chai inanywewa kwa jina lake, na mtihani wa mke wa kuipata nafasi hiyo ni kesho asubuhi, basi leo kamwazima rimoti yake mwenyewe ili afanye mazoezi na ndege ya kwenye skrini, ukarimu ulioje, mbona hakumwazima yule mlinzi wa ofisi… haya, waya umeingia, anajikokota kutoka chini ya meza na nyuzi kwenye magoti, anaketi, anaipakata rimoti, taa yake inawaka, kompyuta imeiona, na hapo ndipo anapoona vijiti, viwili, kimoja kwa kila mkono, vifupi, vichwa vyake vimezungushwa vikashushwa chini kabisa, na mikono ya Kapteni anaijua, amemkatia suruali mbili, vidole virefu kama reki, hivi si vya kwake, hivi vimeshushwa vikakaa sawasawa na madole gumba ya mke wangu, nani kampimia, kampimia wapi, maana mimi ni fundi, mtu hapimwi kwa macho, lazima umshike… na moyo unamwambia, we mzee, wewe unazungusha futi viunoni mwa wake za watu kutwa nzima, mkeo aliwahi kununa? hakununa, anapita na kapu lake, anasalimia, anamwuliza mteja habari za watoto, na jioni wanacheka, wote watu wa futi, ndio utani wao wa zamani, yeye anapima viuno, mke anashika ncha ya futi viwanjani juani, anarudi amebabuka pua, anasema bosi wangu ni jua… sawa, lakini kazi yangu ni kazi yangu, na kikulacho ki nguoni mwako, nguo zenyewe nazishona mimi! "Shemeji yupo?" inauliza simu, na mke, ambaye sasa yuko jikoni anasuuza vikombe, anapaza sauti, "Yupo, mikono yake ndiyo inaaminika humu ndani!" wanacheka wote wawili, cheka, chekeni… skrini inamtaka azungushe vijiti mpaka kila pembe, kisha aviache katikati, abonyeze Endelea, na Kapteni anaeleza kwa sauti yake ya mafuta, "Avisukume mpaka mwisho kabisa, akiishia njiani kompyuta itadhani pale ndipo mwisho, ndege itakuwa na kiherehere, dada atazoea kugusa kidogo kidogo, halafu kesho ile ya kweli haitageuka kwa wakati"… haitageuka, anairudia moyoni, haitageuka kwa wakati, na madole gumba yamesimama nusu ya njia, nani atajua, aishie hapa tu, abonyeze, kesho kindege kinajipigiza ukutani mbele ya mabosi, povu linatapakaa, Kapteni anatahayari na mwanafunzi wake, na mke wangu anarudi kwenye ncha ya futi, anarudi nyumbani mapema, nampa pole, nampikia hata uji, wallahi nitampikia, na jina la Kapteni halitajwi tena… "Na upepo ukinigeukia nikiwa naishusha ndege?" mke anauliza, ameshakuja mlangoni na kikombe kinachodondosha maji, hamtazami mumewe, wala simu haitazami, anatazama juu, nje ya dirisha, na ile sauti, sauti gani ile, fundi anaitafuta, hakuisikia siku ya posa, hakuisikia mtoto wao alipozaliwa, si sauti ya mwanamke anayemtaka mwanamume, laiti ingekuwa hiyo, mwanamume unamkunja shati mkayamaliza, hii ni sauti ya mtu anayekitaka kitu mpaka kinamuuma, na kitu chenyewe kiko huko juu, na mimi na cherehani yangu tutamfuata vipi… si Kapteni basi, inamjia polepole, siogopi kwamba ataniacha, naogopa kwamba atafaulu, na mume kumwonea mkewe wivu watu husema ni mapenzi, wanacheka, wanakusamehe, lakini hiki si wivu, hiki ni kijicho, nimemwonea kijicho mtu tunayegawana mto, mtu aliyesema sasa hivi tu kwamba mikono yangu inaaminika… "Tayari, mume wangu?" "Bado kidogo," anajibu, skrini inangoja vilevile, simu inahema vilevile mezani, mke amesimama palepale anadondosha maji sakafuni, na fundi anasubiri kile kitu kimtoke kifuani ndipo amalize kazi, hakitoki, kimekaa kama kilivyo, basi anasukuma nacho, kijiti cha kulia, polepole, mpaka kinagota mwisho.