Modemu Sebuleni mwa Godefroid

Godefroid hakumpenda mpangaji wake, wala hakujisumbua kuficha. Tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi, Januari ile, kila mwenye asili ya Kivu, upande huo wa Goma, aligeuka mshukiwa mtaani Makomeno, Lubumbashi, hata kama kazi yake ni kuuza maharage kwa jumla na kuimba kwaya Jumapili. Josée alikuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya nyumba kubwa kwa miaka minne. Sasa akipita uani na ndoo, mwenye nyumba anatema mate pembeni. Naye Josée, ambaye Mungu alimpa ulimi zaidi ya subira, anamwamkia kwa sauti kubwa ili majirani wasikie nani amekosa adabu.

Alhamisi asubuhi alimwingiza uani fundi Donat, koili ya kebo begani na modemu kwapani.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mama yake na mdogo wake Mbusa walikuwa bado Goma, na Mbusa alikuwa amepata gari la kuwatoa kuelekea Butembo, la saa tano siku hiyohiyo. Lakini juzi dereva mmoja wa lori, aliyefika kwa kuzunguka njia ya Kasomeno, alimwambia Josée kwamba kwenye barabara ya Butembo kuna kizuizi ambapo watu wanashushwa garini, na wanaoshushwa hawaonekani tena. Wasitoke: hilo tu ndilo alilotaka kuwaambia. Simu za kawaida hazikuingia Goma, na mtandao wa simu wa Lubumbashi nao ulikuwa umelala siku ya tatu. Kabla haujalala, Mbusa alikuwa ameandika kwamba angepiga Alhamisi saa nne, kwa WhatsApp, kutoka parokia moja yenye intaneti ya setilaiti. Kila familia ilipewa dakika chache, foleni ndefu nyuma yake. Mtaani Makomeno intaneti iliyobaki hai ni ile ya kebo, nayo iliingia kwa Godefroid, pamoja na chaneli zake za televisheni. Josée alikuwa amejiandikisha kwa kampuni ya kebo na kununua modemu yake.

Donat aligawanya kebo nje ya ukuta, akavuta tawi moja hadi chumbani kwa Josée. Modemu ikawashwa. Taa ya kwanza ikatulia, ya pili ikapepesa, ikapepesa, ikakataa.

"Hapa haifike, Mama Josée," Donat alisema. "Kebo iko murefu, na tumeigawanya, nguvu inaishia mu njia. Modem inafaa ikae kule kebo inaingilia. Kule kwa patron, mu salon." Akaonyesha kwa kidole sebule ya mwenye nyumba.

Saa tatu na nusu ilikuwa imeshapita.

Godefroid alisimama mlangoni, mikono kifuani. "Mu salon yangu? Ile kintu ya ba-antenne? Bantu batasema miye njo nasemaka na barebelle, bale ba Goma."

"Papa Godefroid, ni saa moja tu. Nataka kuongea na mama yangu."

"Kila muntu iko na mama."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Josée aliinama kweli. Alipiga magoti kwenye saruji, fundi akitazama, kitenge chake kizuri kikifagia vumbi, na moyoni akimtukana mzee yule kuanzia kichwa hadi kandambili. Alimchukia kuliko alivyowachukia walioteka Goma, kwa sababu hao hakuwaona.

"Simama," Godefroid alisema, huku akitazama ng'ambo kama kuna anayeona. "Saa moja. Ikipita, naitupa inje."

Donat alifungua kebo nyuma ya televisheni, akaikaza kwenye modemu, akaipa modemu nafasi kabatini kati ya maua ya plastiki na picha ya harusi. Taa zikatulia moja baada ya nyingine, mpaka ile ya intaneti.

"Wi-Fi tuiite jina gani?"

"Usiweke jina yangu," Josée alimkata. Lingeonekana kwenye simu za mtaa mzima, na siku hizo jina lilitosha kukuletea mawe dirishani. Wakaacha namba za kiwandani. Neno la siri alilibonyeza mwenyewe, amempa Godefroid mgongo. Godefroid aliona, akacheka puani. Donat akakusanya vifaa vyake haraka na kuondoka. Alikuwa ameshanusa ugomvi.

Saa nne na dakika mbili simu iliita. Uso wa mama ulijaa kioo, umekonda, kitambaa kichwani.

"Mama! Sikia, Mama, musi..."

"Mwanangu, tuombe kwanza."

Nani humkatiza mama yake akiomba? Katika nyumba waliyokulia, hata chungu kikiungua kilingoja Amina. Josée alifumba macho. Mama aliwaombea wajukuu kwa majina, akawaombea waliokufa, akamwombea hata rais. Akamwomba Bwana alitangulie gari lao njiani na kumshika dereva mkono. Josée alisikia neno gari, akauma mdomo, akangoja.

"Amina."

"Amina. Mama, sasa..."

Balbu ya sebuleni ilipepesa mara mbili. Godefroid aliruka kutoka kitini na kuteremsha swichi kubwa ya ukutani. Taa zote za modemu zikafa. Uso wa mama ukaganda, kisha ukatoweka.

Josée aligeuka, macho yamemtoka. "Umekusudia! Una roho mubaya! Njo maana bantu ba hapa balibafukuza mwaka ile, bakabatupa ku gare!"

Godefroid, mtoto wa Wakasai, alikuwa miongoni mwa waliofukuzwa mkoani humo miaka ya tisini, wakalala stesheni wakingoja treni ya kuwaondoa. Alibaki ameshika swichi. Kwa jirani Mulenga kitu kilipasuka kwa kishindo, na sauti ya mwanamke ikalia: "Frigo! Frigo yangu!" Hapo Josée akaelewa. Lubumbashi hata mtoto wa shule anajua: umeme ukianza kucheza, teremsha swichi kabla haujarudi na nguvu za kuua. Mzee alikuwa ameiokoa modemu.

Alingoja mpaka balbu ya barazani kwa Mulenga ilipotulia, akapandisha swichi. Kisha akanyoosha kidole mlangoni.

"Mashini ibakie. Weye, toka."

Josée alitoka, akaketi kwenye saruji chini ya dirisha, pale Wi-Fi ilipopenya ukuta. Modemu ilichukua dakika nne kuamka. Alipiga, haikupokelewa. Akaandika: MSITOKE. Alama moja tu ikatokea, ujumbe haujafika. Jua likampanda mabegani. Saa tano na dakika tano alama zikawa mbili, na Mbusa akajibu: "Dada, sasa hivi nimerudi parokiani. Nafasi ilikuwa moja. Mama ametangulia peke yake. Gari imeshatoka. Kuna nini?"

Alikuwa akilitazama swali hilo alipomsikia Godefroid dirishani juu yake.

"Bamejibu?"

"Gari imetoka. Mama iko ndani."

Mzee akasema, bila hasira hata kidogo: "Nilikuwa naangalia saa. Mulikuwa na dakika sita. Tano mulifumba macho."