Pindo Moja Tu

Mtoto aliitwa mara tatu asiitike, mtaa mzima ukampa jina: Bi Kiburi. Mwalimu wake alisema sikio la kufa halisikii dawa, na mama yake, fundi cherehani, akamchapa mara mbili. Babu peke yake ndiye aliyemtetea.

"Huyu hana kiburi," alimwambia binti yake. "Mpeleke hospitali."

Daktari alimchungulia masikioni, akasema maji mazito yamejikusanya nyuma ya ngoma ya sikio, kulia na kushoto.

"Mara nyingi hukauka yenyewe. Tusubiri miezi mitatu. Yasipokauka, tutamwekea vijibomba. Kwa sasa, ukisema naye msogelee, akuone uso. Na nyumbani punguzeni kelele."

Miezi mitatu si mingi, ila kwa babu ilikuwa mingi. Kifua chake kilikuwa kimekwisha, na sauti ilipungua siku hadi siku. Kila alasiri alimketisha mjukuu mbele yake kwenye kigoda, akampa habari zake. Bi Kiburi aliikodolea macho midomo ya babu, akicheka pale babu alipocheka. Hatua mbili tu kutoka hapo, cherehani kilinguruma. Shule zilikaribia kufunguliwa, na sare hazijishoni.

"Mwanangu, hebu nyamazisha hicho kidude kidogo."

"Namalizia pindo hili tu, baba."

"Pindo gani hilo, refu kuliko barabara!" Babu alicheka hadi akakohoa.

Pindo likafuatwa na kola, kola ikafuatwa na mfuko. Fundi aliyakumbuka vizuri maneno ya daktari. Alijiambia tu kwamba maji yatakauka, baba atapata nafuu, na kesho ipo.

Babu alizikwa wiki ya kumi na moja. Wiki ya kumi na nne mtoto alilazwa, ngoma za masikio zikatobolewa kidogo, maji yakavutwa, na vijibomba vidogo kuliko punje ya mchele vikawekwa.

Waliporudi nyumbani, fundi alikaa kwenye kazi yake, akakanyaga pedali. Mtoto aliruka, akaziba masikio.

"Mama! Kumbe kinapiga kelele hivyo?"

Fundi alicheka huku machozi yakimlenga. Akaondoa mguu. Chumba kikatulia, mtoto akakitazama kiti kitupu cha babu.

"Mama, babu alikuwa ananiambia nini?"

"Lini, mwanangu?"

"Siku zote zile. Mimi nilikuwa naona mdomo tu. Nilijua wewe utaniambia."

Fundi alitafuta kichwani hata neno moja. Alipata mapindo, kola na vifungo. Wiki zote zile alikaa hatua mbili kutoka kwa baba yake, na hakuwa na hata sentensi moja ya kumpa mtoto.

"Sikusikia," alisema.

Mtoto alimsogelea, akamshika mashavu, akamgeuza uso waonane vizuri, kama daktari alivyoagiza.

"Pole, mama," alisema polepole, kwa sauti ya kueleweka. "Na wewe masikio yalijaa maji?"